Kila Mtu Alale Kwanza

Kwanza niwaambie mwenyewe, msije mkalisikia kwa Wekesa: mimi ni mtu wa wivu. Si wivu wa kumroga mtu, Mungu apishie mbali. Ni ule wa kumwona mwenzako ameitwa ofisini kunywa chai na arbab, tajiri wetu, wewe umebaki nje unafuta vioo, na vioo vyenyewe unavifuta mpaka vinalia. Wivu huo nimefanya nao kazi kwenye yadi ya kukodisha magari ya kulala miaka yangu yote ya karavani hapa Dubai. Kwa hiyo nikianza kuwafundisha jinsi ya kumchagulia mteja gari la kulala linaloenea kwenye kambi ya bustani ya umma, halafu mkaona nimekata kona nikaanza kumsema mtu, nivumilieni. Nitarudi barabarani.

Nawaandikia nyinyi vijana mliochukua funguo zangu. Niko Rashidiya, kwenye chumba chetu cha vitanda vya kupandana, begi limefungwa, nasubiri viza ifutwe nirudi Muheza. Mke wangu na watoto wametangulia. Walikuja kunitembelea, na ziara hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu, maana nilikuwa nimeapa ujuzi wangu nitaondoka nao, kila mtu atafute wake.

Mteja akiingia yadini atauliza kubwa iko wapi. Wote ni hivyo, awe mwenyeji wa hapa, awe Mmisri, Mhindi au Mzungu. Anataka ile yenye ubavu wa kusukuma nje, yenye sebule, yenye bafu ambalo mtu anaweza kujigeuza. Usibishane naye. Muulize tu anakwenda kulala wapi. Akisema jangwani, kwenye shamba la rafiki yake, mpe hata treni. Akisema kambi ya bustani, mvutie kiti na umpe maji ya kunywa, kazi imeanza.

Bustani ya umma haikuchorwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuonekana. Imechorwa kwa ajili ya miti na watoto, na nafasi za kuegesha karavani zikapewa kilichobaki. Kila nafasi ina ukingo wa zege, ina bomba la maji, ina kisanduku cha umeme, na karibu kila mara ina mti wa ghafu ambao hakuna ruhusa ya kuukata hata tawi. Njia ya kuingilia inapinda. Getini kuna chuma kimelazwa juu. Mteja amesoma urefu wa gari kwenye karatasi, lakini karatasi haikuhesabu ngazi ya nyuma, wala chuma cha kubebea baiskeli, wala mashine ya ubaridi iliyokaa juu ya paa kama kilemba. Na upana je? Gari likishasimama, ubavu unasukumwa nje, turubai la kivuli linafunguliwa, halafu linatandikwa zulia, maana hapa mtu hajapiga kambi mpaka atandike zulia na kuwasha mkaa. Vyote hivyo vinatakiwa viishie kabla ya zulia la jirani.

Haya niliyajua kabla ya Wekesa. Naomba mlikumbuke hilo.

Wekesa aliletwa kwetu akitokea kwenye ulinzi. Alikuwa akisimama mlangoni pa duka kubwa kule Al Barsha, mtu wa Bungoma, mrefu, mlokole, na ana kicheko kinachomfanya mtu asiyemjua acheke naye. Mimi nilitokea kupakua mizigo kwenye maghala ya Freezone ya uwanja wa ndege, ni mfupi, na goti langu la kushoto liliharibika mapema kwa kutambaa chini ya magari kutafuta bomba lililovuja. Yeye alikuwa anafuta paa akiwa amesimama juu ya ndoo. Mimi nilihitaji ngazi, na mtu wa kunishikia ngazi. Mtu huyo alikuwa Wekesa.

Mimi ndiye niliyemfundisha mkia. Sehemu ya gari inayobaki nyuma ya magurudumu ya nyuma tuliiita mkia, na mkia una akili zake: ukikata usukani kwenda kulia, wenyewe unakwenda kushoto kusalimia. Siku yake ya kwanza ya kupeleka gari kambini nilikaa pembeni yake nikamwambia asitazame pua, atazame mkia. Akasema sawa mzee, akatazama pua, na mkia ukalala juu ya kichaka cha maua ambacho mtunza bustani mmoja wa Kinepali alikuwa amemaliza kukimwagilia. Nilifurahi, siwafichi. Nikasema moyoni, huyu hatadumu. Jioni nikamkuta Wekesa na yule Mnepali wamechuchumaa pamoja wanapanda maua mapya, na tangu siku hiyo kila tukienda bustani ile gari la Wekesa lilitengewa nafasi ya kivulini. Hata kukosea alikosea kwa faida.

Halafu likaja suala la kamba. Mimi nilichoshwa na wateja wanaobisha, nikachukua kamba, nikapima nafasi ya bustani kama ilivyo, nikaitandika yadini kwenye mchanga, na matairi mabovu nikayasimamisha pale ambapo mti ungekuwa. Mteja akitaka kubwa, namwambia haya bwana, ingiza humo. Anaingiza, mkia unapanda juu ya kamba, turubai linafunguka mpaka kwenye tairi bovu, mkewe anacheka, na yeye mwenyewe anauliza ndogo iko wapi. Kamba ile imewaokoa wateja wengi wasilale getini. Lakini siku arbab alipoleta marafiki zake kuangalia yadi, aliyekuwa amesimama ndani ya kamba akielekeza gari ni Wekesa, mimi nilikuwa chini ya gari jingine na bomba la maji machafu mkononi. Nikamsikia arbab akisema, tazameni akili ya huyu, mashallah. Wekesa akasema ni ya Mzee Omari. Akasema kweli, kwa sauti, mbele ya watu wote. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu lilimwondolea ubaya ambao ningemshikia.

Mtu akikosea, na akawa mkweli, na akawa mrefu, utamchukia kwa lipi? Nilitafuta.

Nikadhani nimepata siku ya mlango. Arbab alinunua karavani iliyotumika, imetoka nchi wanayoendesha kushoto kama kwetu. Mimi na Wekesa tukaonekana tumeiva, tukapewa tuikague. Tukatazama injini, matangi, vitanda, jiko, tukasema iko sawa kabisa. Mtu wa Muheza na mtu wa Bungoma, tangu utotoni gari tunashukia mkono wa kushoto. Mlango wake ulikuwa kushoto na wala hatukuuona. Ikapelekwa kambini na familia moja ya wenyeji, ina bibi mzee na mabinti. Wakaegesha kinyumenyume kama kila mtu, wakafungua mlango, na mlango ukatazamana na zulia la majirani waliokuwa wamekaa na mashisha yao. Uwanja wao wenyewe ukabaki upande usio na mlango. Mabinti hawakuweza kushuka. Bibi akampigia simu arbab, na arbab akatupigia sisi.

Njiani nilikuwa nimeshapanga nitakavyosema kwamba aliyekagua ubavu ule ni Wekesa. Tulipofika, yeye alizunguka gari mara moja, akaomba funguo, akalitoa na kuliingiza tena, safari hii kwa pua. Mlango ukageukia uwanja wao. Kumbe ni hivyo tu. Waya wa umeme haukufika kwenye kisanduku kwa sababu sasa kilikuwa mbali, akauunganisha na mwingine tuliokuwa nao. Bibi akamwombea dua ndefu, mimi nikaitikia amina huku nimekunja uso. Kwa hiyo sikieni: mlango upo upande gani, ulizeni kabla ya urefu, na waya mrefu usikose kwenye gari. Mmejifunza kwa wivu wangu.

Sasa vitanda, na hapa ndipo nilipotaka kufika.

Karatasi ya gari itasema watu sita. Msiisadiki. Karatasi inahesabu vitanda, haihesabu watu. Kitanda kimoja ni meza: lazima uondoe vyombo, ushushe ubao, upange mito, na anayelala hapo atakuwa njiani mwa kila anayeamka kuswali alfajiri. Kingine kipo juu, kule mtu anakopandishwa, kina dirisha dogo na pazia, nacho ni cha mtoto hata kama karatasi haisemi. Zamani nilikuwa navijaribu mimi mwenyewe. Nikilala, kila kitanda ni kirefu. Mjomba mmoja wa Kijordani, pandikizi la mtu, akalala sakafuni kwa sababu yangu, na aliporudisha gari alikuwa anatembea kapinda na matusi yake yote ya Kiarabu nikayaelewa. Ndipo nikaweka sheria: kila mtu alale kwanza. Familia nzima ije yadini, ivue viatu, kila mmoja apande kitanda atakacholalia, ajinyooshe. Watu hucheka. Waacheni wacheke, lakini walale. Ukishawaona wamejinyoosha, saizi ya gari inajitaja yenyewe.

Sheria hiyo ilinipa sifa, na ilinitesa pia. Maana kila mwisho wa wiki wa msimu wa baridi nilisimama mlangoni mwa karavani nikitazama baba za watu wakiwapandisha watoto kwenye kile kitanda cha juu. Baba anamshika mtoto kwapani, anamrusha kidogo, mtoto anapiga kelele, kichwa kinachungulia kwenye pazia. Mimi ndiye niliyekuwa nimetandika shuka hilo. Nimekunja blanketi dogo, nimeweka mto mdogo, nimefuta kidirisha. Niliwaonea gere watu wale kuliko nilivyowahi kumwonea Wekesa. Sikuonea gere gari wala pesa zao. Nilionea gere kile kitendo cha kumshika mtoto kwapani na kumpandisha. Wangu yupo Muheza, nami nipo hapa nawatandikia watoto wa watu.

Nilichelewa kuoa, kwa hiyo Shabani nilimpata mvi zimeshaanza, na Rehema akafuata. Mara ya mwisho kumwona Shabani kwa macho, kichwa chake kilinifika tumboni. Likizo iliyofuata ndege zilisimama kwa ule ugonjwa uliofunga dunia. Iliyofuata arbab alileta magari mapya akaniomba nisubiri, nami nikasubiri, maana aliniomba mimi na hakumwomba Wekesa. Tukawa tunaonana kwa simu. Simu inakuonyesha uso. Miguu haikuonyeshi.

Basi nilipofikia umri wa kusimama kazi, arbab aliniita ofisini, safari hii mimi, nikanywa chai yake. Akaniambia, Omari, khalas, yatosha, umechoka, lete familia yako uwaonyeshe Dubai. Akasema atawalipia tiketi. Na kabla sijajibu akaongeza kwamba mwisho wa wiki nichukue karavani yoyote ninayoitaka, nikalale nao bustanini kama watu wengine. Yoyote, nichague mwenyewe.

Nilitoka pale sijui natembelea nini. Kitu kimoja tu ndicho nilichokitaka, nami nawaambia wazi ili mnielewe: nilitaka nimshike Shabani kwapani nimpandishe kitanda cha juu. Mara moja. Baada ya hapo ningerudi Muheza na wivu wangu wote ningeuacha Dubai.

Nikachagua ndogo. Ninyi mnaijua, ile nyeupe yenye kitanda cha watu wawili nyuma, kitanda cha meza katikati, na kitanda cha juu chenye dirisha dogo. Inaingia kwenye ile kamba yangu mpaka inabaki nafasi ya kukimbizana. Nikaagiza nafasi bustanini kwa saizi hiyo. Nikanunua blanketi dogo jipya, la rangi ya bluu, lenye picha za magari ya mashindano.

Wekesa alinikuta nalikunja. Akalitazama, akashika shika ukingo wa kile kitanda kwa kidole. Kisha akaniuliza Shabani sasa yuko kidato gani. Nikamwambia. Akasema, "Mzee, si upigie mama yake simu? Amwambie huyo kijana alale chini, ampime na leso, hizo kanga zenu. Leso moja na kiasi gani, anakwambia. Mimi nilibebea msichana wangu viatu vya Krismasi, nikafika nyumbani vikaingia vidole pekee. Tangu siku hiyo sichagui kitu kabla hawajapima."

Nisikilizeni vizuri hapo. Yule mtu alikuwa ananipa sheria yangu mwenyewe, kila mtu alale kwanza, na ameiongezea kitu kinachoifanya ifike mpaka Muheza. Kwa nini sikukiwaza mimi? Niliona amekuja kunipokonya na hili.

Nikamwambia, "Mtoto wangu namjua mwenyewe."

Akasema sawa mzee. Akaniachia pale na blanketi langu.

Kinyozi hajinyoi, waliosema hawakukosea. Uwanja wa ndege nilisimama kwenye kizuizi na maua ya plastiki, nikamwona Mwanaidi mke wangu anatoka, ameshika mkono wa Rehema, na pembeni yao kijana mmoja anasukuma kigari cha mizigo. Nikadhani ni kijana wa uwanjani, amemsaidia mama wa watu. Nikampa salamu ya haraka, nikampita, nikatazama nyuma yao kama kuna mtoto mwingine anayekuja. Yule kijana akaachia kigari. Akasema, "Shikamoo, baba," na sauti ilitokea juu yangu. Ilinibidi niinue kichwa. Alikuwa amefuata wajomba zake wa upande wa Mwanaidi, ndevu zimeanza, mikono imetoka kwenye mikono ya shati. Nikaitikia marahaba. Nikamkumbatia, na uso wangu ukaishia kwenye vifungo vyake vya shati.

Mnaweza kuniuliza, Mzee Omari, baada ya hapo kwa nini hukubadilisha gari? Ni swali zuri. Asubuhi ya kwenda bustanini nilipowaleta yadini, nilikuta ile karavani ya kati, yenye vitanda virefu, imeoshwa, imejazwa maji, funguo zinaning'inia mlangoni. Wekesa alikuwa mbali anajifanya anajaza upepo kwenye tairi ambalo nililijaza mwenyewe jana yake. Alikuja kuwasalimia wageni, akapeana mkono na Shabani, wakatazamana macho kwa macho bila yeyote kuinamisha wala kuinua kichwa, na papo hapo wakaanza kuongea mpira. Mwanangu alicheka. Tangu alipofika alikuwa ananijibu ndiyo baba, hapana baba, kama mgeni anayekirimiwa. Kwa Wekesa alicheka, na kumbe ana kicheko kinene, nami nilikuwa nakisikia kwa mara ya kwanza, na aliyekitoa ni yule yule.

Nikazipita zile funguo. Nikapandisha mizigo kwenye ndogo.

Kambini niliegesha kwa mkupuo mmoja, mkia ukatulia sentimita chache kutoka kwenye ukingo, mlango kwenye uwanja wetu, turubai halikugusa ghafu. Kama kuna mtihani wa kuegesha, nilifaulu. Mwanaidi akatandika mkeka wa ukili aliokuja nao kutoka nyumbani, Rehema akakimbilia bembea. Tulipomaliza kuswali alasiri nikawaita wote ndani. Nikasema kwa sauti ya kazi, ile ninayowaambia wateja, vueni viatu, kila mtu alale kwanza.

Rehema alilala kwenye meza, akabaki na nafasi ya wenzake wawili. Mwanaidi alijinyoosha kitanda cha nyuma akasema mgongo wake haujawahi kuheshimiwa namna hii. Shabani alipanda juu mwenyewe. Hakuhitaji ngazi wala mikono ya mtu, alishika ukingo akajivuta. Kisha tukasikia anajigeuza, anajikunja, goti linagonga paa. Nilipochungulia, kichwa kilikuwa kimepinda ukutani, magoti yako kidevuni, na lile blanketi la magari limemfunika kuanzia kiunoni hadi kwenye goti.

"Nitajikunja tu, baba," alisema. "Bwenini tunajikunja hivi hivi. Si siku mbili?"

Alisema kwa upole, kama anavyosemeshwa mtu aliyekuletea zawadi isiyokufaa. Hata jambo hilo nililionea wivu, upole wake. Kuna mtu alimfundisha, na si mimi. Huyo mtu alikuwepo siku sauti ilipovunjika, siku suruali zilipokuwa fupi, alijua kila mwezi amefika wapi kwenye fremu ya mlango. Nilimwonea gere mama yake aliyekuwa amelala pale nyuma, mke wangu mwenyewe. Niliwaonea gere wajomba zake, na walimu wake, na huyo aliyelala kitanda cha jirani bwenini. Na Wekesa, bila shaka. Wekesa alimpima kwa kuuliza kidato.

Mwanaidi aliinuka akakaa. Yeye ni mtu wa maneno machache, na akisema huwa ameshafikiri.

"Baba Shabani," akasema, "huyo uliyemtandikia hapo ameshakua. Mwache ashuke. Rehema atalala na mimi, kaka yake atalala kwenye meza, ndiyo ndefu. Hapo juu panda wewe."

Nikasema mimi ni baba wa nyumba, siwezi kulala kitanda cha watoto. Akasema basi nilale nje na ghafu. Rehema alicheka mpaka akajiziba mdomo.

Shabani akashuka. Nikaweka mguu kwenye kiti, nikashika ukingo, nikajivuta, na goti langu likakataa. Nikajaribu tena, likakataa. Ngazi ndogo ya kitanda kile nilikuwa nimeiacha yadini kwa makusudi, niliona ya nini, nitampandisha kwa mikono yangu. Nikawa nimening'inia pale, si juu si chini, mfanyakazi mzoefu kuliko wote wa yadi.

Nikahisi mikono miwili imeingia kwapani. Mikubwa, ina nguvu, na haikuharakisha. Shabani alisema, "Bismillah," kama tunavyosema tukinyanyua kitu kizito, na miguu yangu ikaachana na kiti. Akanirusha kidogo. Nikatokea upande wa pili wa pazia, na nadhani nilipiga kelele, maana chini Rehema alipiga makofi.

Nikageuka chali. Nikajinyoosha kama ninavyowaambia wateja. Kichwa kikagusa ukuta huu, nyayo zikagusa ukuta ule. Kwenye kidirisha niliona nafasi ya jirani, mtu mmoja ameshika mtoto begani anazunguka zunguka kutafuta mlango wa gari lake, naye hakunitazama.

Shabani alichungulia kwenye pazia bila kusimama hata kwa vidole. Akanivutia lile blanketi la bluu mpaka kifuani, akaniuliza kama kitanda kinanibana.

Nikamwambia kinanitosha.